Permadethi kwenye gemu za zamu: ni nini hasa, na watu wanazimalizaje

Ukianza kampeni mpya ya XCOM: Enemy Unknown, ile gemu ya 2012 ya kuongoza kikosi cha askari dhidi ya wavamizi kutoka anga za juu, wewe na adui mkicheza kwa kupokezana zamu, pale kwenye skrini ya kuchagua ugumu kuna kiboksi kidogo kimeandikwa Ironman. Wengi wanakipita tu. Ukikitiki, kampeni inabaki na sevu moja tu, yaani kumbukumbu moja ya pale ulipofika, na inajisevu yenyewe unavyoendelea, kwahiyo askari wako akipigwa akafa huna pa kurudi, hakuna kulodi ya dakika tano zilizopita, ameenda, jina lake linawekwa kwenye ukuta wa kumbukumbu kule kambini na wewe unasonga na waliobaki. Hiyo ndo permadethi yenyewe, kifo cha moja kwa moja.

Ila neno hili watu wanalitumia kwa vitu viwili tofauti na kuchanganyana kunaanzia hapo. Kuna kifo cha mhusika, yaani mtu mmoja kwenye kikosi anakufa na harudi tena lakini kampeni inaendelea. Halafu kuna kifo cha safari nzima, ukifa umeanza upya kutoka mwanzo, kila ulichokusanya kimepotea. Hiki cha pili kinajulikana sana kupitia Rogue ya 1980, gemu ya zamu ya kushuka mashimoni ambapo mhusika wako akifa ndo basi, huna sevu ya kurudia. Cha kwanza ndo Fire Emblem, gemu za vita vya zamu zenye hadithi, walikijenga kwenye toleo lao la mwanzo la 1990 kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, na pale kinauma kivyake kwa sababu kila mpiganaji ana jina, ana sura, ana maneno yake, halafu ukimsogeza vibaya mraba mmoja tu unamkosa hadi mwisho wa hadithi. Marth mwenyewe akifa hapo gemu imeisha, huyo ndo kiongozi.

Zipo na za katikati. Into the Breach ya 2018, ambayo unaongoza maroboti yanayoendeshwa na marubani, ukishindwa safari imeisha, lakini unaruhusiwa kumpeleka rubani mmoja aliye hai kwenye safari inayofuata na uzoefu wake wote. Mmoja tu, hao wengine unawaacha.

Sasa, permadethi ambayo unaweza kuikwepa kwa kulodi ni makubaliano yako wewe na nafsi yako. Wachezaji wa Fire Emblem miaka na miaka wakifiwa na mtu wanazima mashine palepale wanarudia sura nzima ya hadithi, na watengenezaji wenyewe waliliona hilo, ndo maana 2010 wakaleta modi ambayo walioanguka wanarudi baada ya pambano, na Awakening ya 2012 ikaieneza nje ya Japani. Mimi sioni ubaya wa modi hiyo hata kidogo, kuna watu wanataka hadithi na wana haki yao. Ila anayesema amemaliza permadethi huku alikuwa anarudia sura kila akifiwa, huyo alicheza kitu kingine.

Nianze na hesabu, maana hapa ndo watu wengi wanafia. Gemu inakuonyesha asilimia 90 ya kumpata adui na akili yako inasoma "nitampata". Sawa, kwa risasi moja. Lakini piga risasi kumi za asilimia 90, uwezekano wa zote kumi kupata ni kama 35 kwa mia. Yaani misheni moja ya kawaida tu, ukiwa unapiga vizuri kabisa, kuna uwezekano mkubwa kwamba utakosa angalau mara moja. Na tatu za asilimia 80 mfululizo? Nusu kwa nusu, 51 hivi. Mtu anapanga zamu yake yote juu ya risasi tatu za 80, akikosa moja anasema gemu imemuonea, wakati alichokuwa anafanya ni kurusha sarafu na roho ya mtu mkononi.

Kwahiyo swali la mchezaji wa permadethi kabla hajabonyeza kitufe ni moja: nikikosa hii, nani anakufa? Kama jibu ni hakuna, piga hata kama ni asilimia 40. Kama jibu ni yule dada wako mwenye cheo cha Kanali aliyesimama wazi katikati ya barabara, usipige hata kama ni 95, msogeze kwanza ajibanze. Mengine yote nitakayosema hapa yanatoka kwenye swali hilo.

Kitu kidogo kuhusu namba zenyewe, kwa sababu kinawachanganya wanaohama kutoka gemu moja kwenda nyingine. Fire Emblem kuanzia toleo la 2002 na kadhaa yaliyofuata ilikuwa inachukua namba mbili za bahati nasibu na kutafuta wastani, kwahiyo 90 unayoiona kwa kweli ni kama 98, na 10 ya adui kwa kweli ni kama 2. XCOM 2 kwenye ngazi za chini za ugumu inakuongezea shabaha kimyakimya hasa ukiwa umekosa mfululizo. Mtu akilelewa na namba za hivyo halafu aende kwenye gemu ambayo 90 ni 90 kweli, ataumia na hataelewa kwanini.

Baada ya hesabu kinakuja kitu kinachoua zaidi ya risasi, nacho ni kufungua kundi jipya la maadui kwa wakati mbaya. Kwenye XCOM maadui wametawanyika kwenye ramani kwa vikundi, wengi hawajui kama upo, na siku ukiwaona tu wanapewa nafasi ya bure ya kukimbilia pa kujibanza. Nakumbuka kampeni yangu ya tatu, chombo cha wavamizi kimetua msituni, nimebakiza maadui wawili, mmoja amejeruhiwa. Nimeshatumia askari watano kati ya sita. Wa mwisho alikuwa dada wa mashambulizi ya karibu, ana bunduki fupi, na nikaona nikimzungusha kulia kwenye mti mmoja pembeni zamu ijayo atakuwa ubavuni mwa yule mzima. Nikamkimbiza. Kamera ikageuka taratibu kushoto, nyuma ya jiwe, Mutoni watatu, wale wavamizi wakubwa wagumu kuua, wamesimama. Wakatawanyika kujibanza, ikawa zamu yao, na mimi sina hata mtu mmoja mwenye hatua iliyobaki. Yule dada akafa kwa risasi ya pili, kurutu aliyekuwa karibu akapaniki kwa kuona mwenzake ameanguka, zamu yake nayo ikapotea, na misheni ikaisha nimezika watatu.

Risasi za siku ile hazikuwa na neno. Kosa lilikuwa mpangilio wa nani anatangulia. Anayetembea kwenda sehemu ambayo bado hujaiona awe wa kwanza kwenye zamu, siku zote, ili akifumua kundi wale watano wengine bado wana hatua zao zote. Wa mwisho asikanyage popote ambapo mwenzake hajashapita. Ukishika hili moja tu nusu ya vifo vyako vinakwisha, sitanii.

Na ukiwa unatembea huku hujui mbele kuna nini, tembea nusu ya hatua kisha muweke askari mkao wa kulinda, kwamba yeyote atakayesogea mbele ya macho yake anapigwa. Inachosha, najua. Misheni ya dakika ishirini inakuwa ya dakika arobaini. Ila pale ambapo gemu inakuhesabia zamu, kama misheni nyingi za XCOM 2, huwezi kutambaa hivyo mwanzo mwisho, kwahiyo tambaa zile zamu za mwanzo ambazo bado hujaonekana na ukishaonekana maliza haraka.

Kujibanza nako kuna hesabu yake. Enemy Unknown kizuizi kifupi kinampunguzia adui 20 kwenye shabaha na kizuizi kirefu kinampunguzia 40. Tuseme adui ana shabaha ya 65, mbele ya mtu aliye wazi anabaki na 65, mbele ya kizuizi kifupi 45, mbele ya kirefu 25. Tofauti ya ukuta na kiuno cha gari hapo ni kubwa kuliko silaha yoyote utakayonunua. Lakini akikuzungukia ubavuni kizuizi hakina kazi tena na uwezekano wa pigo kubwa unapanda sana, kwahiyo usijisifu uko nyuma ya ukuta kabla hujaangalia anaweza kufika wapi kwa hatua zake.

Halafu heshimu vitu visivyokosa. Guruneti halikosi, linapunguza uhai kiasi kinachojulikana na mara nyingi linabomoa kile alichojibanzia. Wachezaji wapya wanayatunza maguruneti hadi misheni inaisha wanarudi nayo nyumbani yakiwa mazima huku wamefiwa na mtu. Kama adui amebakiza uhai unaolingana na guruneti na yeye ndo atakayemuua mtu wako zamu ijayo, rusha, hata kama kuna risasi ya asilimia 85 inakukonyeza hapo. Into the Breach imejengwa yote juu ya wazo hili, maadui wanakuonyesha kabla watapiga wapi, hakuna kubahatisha shabaha yako, unabaki wewe na akili yako kwenye ramani ya miraba 8 kwa 8. Kwa anayetaka kujifunza kufikiri kipermadethi bila kulaumu bahati sijaona shule nzuri kama ile.

Tuje kwenye benchi, yaani askari wa akiba. Kampeni nyingi huwa hazifi siku moja, zinafia kwenye mteremko. Unapoteza wakongwe wawili, misheni inayofuata unaenda na makurutu kwa sababu waliobaki wako hospitali, makurutu wanakufa kwa kuwa ni makurutu, inayofuata unaenda na dhaifu zaidi, na maadui huku wanazidi kuwa wagumu. Dawa yake inaanza mapema kabisa, kabla hujafiwa na mtu: kila misheni nyepesi peleka kurutu mmoja au wawili pamoja na wakongwe, na yule adui aliyebakiza uhai kidogo umwachie kurutu ammalizie. Ukiwa na watu kumi wa wastani uko salama kuliko aliye na sita wa hatari na wengine wote sifuri. Najua kuna utamu wa kuwa na kikosi kimoja unachokipenda, nami nimeupenda sana, ila kikosi hicho siku kikipata ajali huna cha kushika.

Kurudi nyuma pia ni sehemu ya gemu na watu hawaitumii. XCOM unaweza kurudi kwenye eneo ulilotua ukaondoka, Battle Brothers unaweza kukimbia uwanja, Darkest Dungeon unaweza kutoka kwenye pambano. Hiyo ya mwisho ina kitu kinaitwa Mlango wa Kifo, shujaa uhai wake ukifika sifuri hafi hapohapo, anabaki ukingoni, na kila pigo baada ya hapo kwa kawaida ana asilimia 67 ya kulihimili. Inaonekana nyingi ee? Mapigo mawili tayari ni 45, na sumu au damu inayovuja nayo inahesabika kama pigo. Lakini ukimpa tiba hata ya pointi moja anatoka ukingoni pale. Kwahiyo mtu akifika mlangoni acha mipango ya kuua, kwanza mtoe yeye.

Na kuwe na mpaka uliojiwekea ukiwa bado akili imetulia. Wangu ni huu: wawili wakianguka au kuumia vibaya na bado maadui ni wengi kuliko sisi, tunaondoka. Kuuamua palepale katikati ya moto ni ngumu, unajikuta unasema zamu moja tu zaidi.

Kitu kingine ni uchovu. Vifo vingi vinatokea mwishoni, amebaki adui mmoja, mtu anataka kumaliza akalale, anaanza kukimbiza askari hovyo. Ironman haijali kama ulibonyeza mraba usioukusudia. Mimi nikishaona nasogeza watu bila kuhesabu naifunga, sevu ipo itanisubiri.

Na usifute kampeni haraka, hili naliomba kabisa. Enemy Unknown kikosi kizima kikifa kwenye misheni moja kampeni bado ipo, utaajiri makurutu wengine, na kinachoimaliza kwa kawaida ni nchi 8 kati ya 16 kujitoa kwenye baraza la nchi zinazokufadhili. Watu wanafuta kampeni nchi zikiwa zimejitoa mbili tu, kwa sababu ya hasira ya kufiwa.

Anayeanza leo, tiki Ironman lakini ugumu weka ule wa kawaida, usipande kwanza. Ugumu wa juu utakuua kabla hujaona ulikosea wapi, wa kawaida unakuachia muda wa kuona kosa na bado una watu wa kuendelea nao. Wape askari wako wale wa mwanzo majina mwenyewe, na kila akifa mmoja andika mahali alikuwa amesimama wapi na nani alitembea wa mwisho zamu ile. Baada ya vifo vitano au sita utaanza kuona sentensi ileile inajirudia.