Tiba ya vinasaba kwa selimundu: maswali ya mzazi kuhusu madhara

Mwanangu ana selimundu. Ni kweli kuna tiba ya vinasaba?

Ni kweli. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha mbili, Casgevy na Lyfgenia, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Uingereza ilikuwa imeshaipitisha Casgevy mwezi mmoja kabla. Seli shina za mgonjwa mwenyewe, yaani seli mama zinazozalisha chembe za damu, huchujwa kutoka kwenye damu yake, zikarekebishwa maabara, kisha zikarudishwa mwilini kwa dripu.

Kinachoogopesha ni huko kuchezea vinasaba?

Wengi hudhani hivyo. Lakini kinachomtesa mgonjwa kitandani ni dawa ya saratani iitwayo busulfani. Saratani hana, ila lazima apewe, ili uloto wake, ile sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, uondolewe seli za zamani na zile mpya zipate pa kukaa.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mdomo na koo hujaa vidonda, hata kumeza mate ni shughuli. Nywele hunyonyoka. Chembe nyeupe za damu hushuka mno, kwa hiyo joto kidogo ambalo nyumbani ungelituliza kwa panadol na kulala, pale ni dharura ya kuamsha daktari usiku. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo hupungua. Akipiga mswaki fizi zinaweza kuvuja damu. Kwa Casgevy, kulazwa wiki nne hadi sita ni jambo la kawaida.

Ataweza kuzaa baadaye?

Huenda asiweze. Busulfani inaweza kuharibu uwezo wa kuzaa, kwa mvulana na kwa msichana. Njia iliyopo ni kugandisha na kuhifadhi mbegu au mayai kabla ya dawa. Najua ni mazungumzo magumu kwa baba na kijana wa miaka 14, pengine shangazi au mjomba atayaweza zaidi, lakini yafanyike kabla ya kulazwa.

Na saratani?

Lyfgenia hubeba jeni, yaani kipande cha vinasaba, kwa kutumia kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuambukiza. Jeni ikitua pabaya, inaweza kuamsha jeni nyingine inayozalisha seli ovyo. Si nadharia tu: huko Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya watoto waliotibiwa kwa njia ya namna hiyo, kwa ugonjwa wa kukosa kinga, walipata saratani ya damu. Wagonjwa wawili wa selimundu waliopewa toleo la awali la Lyfgenia nao waliipata. Ndiyo maana dawa hiyo ina onyo kali, na damu hupimwa angalau kila miezi sita kwa miaka 15. Casgevy haitumii kirusi, hukata vinasaba. Hofu yake ni kukata pasipokusudiwa.

Watoto wake watazaliwa bila selimundu?

Hilo haliguswi. Kinachobadilika ni seli za damu tu. Mchumba apimwe kama kawaida.

Nimwachishe dawa zake tukisubiri?

Usithubutu. Bei ya Casgevy Marekani ilitangazwa dola milioni 2.2, Lyfgenia milioni 3.1, kwa hiyo kusubiri kwenyewe kunaweza kuwa kurefu. Haidroksiyurea aliyoandikiwa aendelee nayo, chandarua kisikose, na chupa ya maji iwe kwenye begi la shule.