Maana ya rosti ya sufuria ya nyama ya moshi

Agiza rosti kwenye mgahawa wa Dar es Salaam au Morogoro, hutaletewa nyama iliyochomwa. Utaletewa nyama iliyokaangwa, ikatiwa vitunguu na nyanya, ikaachwa itokote mpaka mchuzi ukaishika. Neno lenyewe tumelitoa kwa Waingereza, na kwao maana yake ya kwanza ni kuoka kwa joto kavu. Lilipofika majikoni kwetu likahamia upande wa mchuzi, na wapo wanaosema tumelikosea. Mimi sikubaliani nao. Wamarekani wana chakula cha siku nyingi wanachokiita pot roast, yaani rosti ya sufuria, na hicho nacho hakiokwi kwa joto kavu. Hupikwa kwa mvuke na mchuzi ndani ya chombo kilichofunikwa. Rosti yetu na ya kwao ni ndugu wa karibu kuliko jina linavyoonyesha.

Rosti ya sufuria, basi, ni pande moja kubwa la nyama ngumu, mara nyingi ya ng'ombe, linalobabuliwa nje kwanza, halafu linafungiwa kwenye sufuria nzito pamoja na supu kidogo, na kupikwa kwa moto mdogo saa kadhaa mpaka linachambuka kwa uma. Ikiitwa ya moshi, kilichobadilika ni ile hatua ya kwanza tu. Badala ya kubabuliwa kwenye mafuta ya moto, pande hilo hukaa saa mbili tatu kwenye moshi wa kuni ndipo liingie sufuriani.

Chakula hiki kina wazazi wengi. Wafaransa walikuwa na pande la ng'ombe la kupikwa polepole kwa divai. Wajerumani walioloweka nyama kwenye siki kwa siku kadhaa kabla ya kuipika walihamia Marekani na ujuzi wao. Huko New England, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, wakapika pande la nyama pamoja na karoti na viazi katika sufuria moja, na mtindo huo ukabaki na jina la watu wa huko, Yankee pot roast. Chombo chao kilikuwa sufuria nzito ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo. Mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipewa hataza ya kusubu sufuria za chuma kwa kutumia mchanga, na tangu hapo vyombo vya namna hiyo vikawa rahisi kupatikana. Sufuria za safarini zilikuwa na miguu mitatu na mfuniko wenye ukingo ulioinuka ili makaa yakae juu yake yasidondoke. Aliyewahi kupalia wali hahitaji kuelezwa zaidi: moto chini, makaa juu ya mfuniko, chakula katikati kinaiva pande zote.

Moshi ulitoka kwingine, kwenye mila za kuchoma nyama za majimbo ya kusini na Texas, ambako kidari cha ng'ombe hukaa motoni hata nusu siku au zaidi. Watu wakaanza kufanya hivyo nyumbani hasa baada ya majiko ya mkaa yenye mfuniko kuenea. Lile la umbo la duara linalojulikana sana lilibuniwa na George Stephen mwaka 1952, karibu na Chicago. Mfuniko ndio jambo lenyewe. Bila mfuniko moshi hupita tu, haukai kwenye nyama.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili huyaweka kwenye kapu moja. Sangara wa moshi wa Mwanza na samaki wa kubanikwa wa pwani hutiwa moshi ili watunzike. Maji hutoka, mwili hukauka, na samaki anaweza kusafirishwa mbali bila jokofu. Nyama ya rosti haitiwi moshi kwa sababu hiyo. Inapotoka kwenye moshi bado imejaa maji yake, na ukiiacha mezani itaharibika kama nyama nyingine yoyote. Moshi wake ni wa harufu, rangi na ladha. Kwa hiyo ukinunua nyama iliyokwisha kukaushwa kwa moshi sokoni, hiyo ni malighafi nyingine, na hupikwa kwa njia yake. Waganda, kwa mfano, huiweka kwenye luwombo, ikafungwa ndani ya jani la mgomba na mchuzi wa karanga na kuiva kwa mvuke. Huo nao ni moshi kwanza na mvuke baadaye, na naupenda sana, ila si rosti ya sufuria.

Sasa kiini cha jambo. Kwa nini nyama ipite kwenye moshi, halafu sufuriani? Kwa nini moto mmoja usimalize kazi?

Bega la ng'ombe limefanya kazi maisha yake yote. Limebeba mwili, limepanda milima, limevuta jembe. Nyuzi zake ni nene, na zimefungwa kwa utando na kano zenye protini iitwayo kolajeni. Ukiipasha moto nyama ya namna hiyo, vitu viwili hutokea kwa nyakati tofauti, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Kwanza nyuzi hujikaza na kukamua maji yake. Hilo huanza mapema, ndani ya nyama kukiwa na joto la nyuzi 60 za Selsiasi hivi. Kolajeni yenyewe huchelewa. Huanza kulegea polepole kwenye joto hilohilo, lakini huhitaji saa nyingi, na huyeyuka vizuri zaidi joto likipita nyuzi 80. Ikiyeyuka huwa jelatini, kitu laini kinachonata midomoni, nacho huzipaka nyuzi zilizokauka na kuzirudishia ulaini.

Maana yake ni kwamba kuna kipindi cha katikati ambapo nyama imeshapoteza maji na kano zake bado nzima. Ndicho kipindi ambacho nyama huwa ngumu kuliko wakati wowote. Mara ya kwanza nilipopika pande la bega niliichoma uma baada ya saa mbili, nikaona imeshaiva rangi lakini haitafuniki, nikaongeza moto kwa hasira. Ikakaza zaidi na mchuzi ukakaukia chini. Ningeiacha tu kwenye moto mdogo saa moja na nusu nyingine ingekubali. Tangu siku hiyo, nyama ikiwa ngumu sijiulizi imeharibika wapi. Najua bado haijafika.

Moshi nao una tabia yake. Hushika vizuri kwenye nyama baridi yenye unyevu, kwa hiyo kazi yake kubwa huifanya mwanzoni. Kuni zikiungua, lignini iliyo ndani yake, ile inayoupa mti ugumu, huvunjika na kutoa harufu tunazozitambua kuwa za moshi. Nyama inavyozidi kupata joto na kukauka nje, inapokea moshi kidogo zaidi. Joto la ndani likifika nyuzi 65 hadi 75, hutokea jambo linalowatia wasiwasi wapishi wageni: kipimajoto hugoma. Saa nzima inapita, joto halipandi. Sababu ni jasho. Maji yanayotoka juu ya nyama huvukizwa na kuipoza kadiri moto unavyoipasha, kama mwili wa mkimbiaji juani. Wapishi wa kidari huko Texas hukifunga kwenye karatasi au foili wakati huo. Kwenye rosti, sufuria ndiyo inayofanya kazi hiyo: ukifunika mfuniko, mvuke haukimbii tena, na joto linapanda. Moshi umemaliza kazi yake saa ileile ambayo sufuria inaanza yake. Ndiyo maana mpangilio huu ni mzuri kuliko kupika moja kwa moja kwenye moshi mpaka mwisho, hasa kwa nyama yetu.

Nasema kwa nyama yetu kwa sababu mapishi mengi ya Marekani yameandikwa kwa ng'ombe waliononeshwa kwa nafaka, wenye mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama, na nyama yao imekaa siku kadhaa kwenye baridi baada ya kuchinjwa. Ng'ombe wetu wa nundu aliyelishwa malishoni ana mafuta machache ndani ya minofu, na bucha nyingi huuza nyama siku ileile ya kuchinja. Pande kama hilo likiachwa kwenye moshi saa kumi litakauka. Kwenye sufuria lina mchuzi wa kulisaidia. Mwambie mwenye bucha akupe bega au kidari bila kulikatakata, kilo moja na nusu hadi mbili. Atashangaa kidogo, maana amezoea kukata vipande. Sarara usiiguse: ni laini tangu mwanzo, haina kano za kuyeyusha, na itatoka kavu. Ukibahatika kupata nundu, ichukue. Wabrazili, ambao nao wana ng'ombe wa nundu wengi, huipika polepole kwa saa nyingi, na ina mafuta ya kutosha kujitunza yenyewe.

Ipake chumvi jioni ya kuamkia siku ya kupika, gramu 25 hadi 30 kwa kilo mbili, kiasi cha vijiko vitano vya chai vilivyosawazishwa, pamoja na pilipili manga iliyotwangwa kwa ukubwa. Iache kwenye jokofu bila kufunika.

Moto uwe upande mmoja wa jiko na nyama upande wa pili, isipigwe na mwali wa moto moja kwa moja. Pipa lililopasuliwa la kuchomea nyama linafaa kabisa likiwa na mfuniko. Ndani kuwe na nyuzi 110 hadi 135. Juu ya mkaa weka vipande viwili vitatu vya kuni kavu. Wamarekani hupenda mwaloni na mihikori, na mpera hufanya kazi nzuri sana. Kuzilowesha kuni hakusaidii, kwa kuwa hutoa mvuke kwanza na moshi hauanzi mpaka zikauke. Msonobari usithubutu, wala mkangazi uliopakwa dawa au rangi, wala mabaki ya karakana usiyojua yalitibiwa na nini. Tazama rangi ya moshi: ukiwa mwembamba, wa samawati kwa mbali, uko sawa. Ukiwa mzito na mweupe, kuni zinakosa hewa, na nyama itakuwa chungu kwa namna ambayo mchuzi hauwezi kuificha. Na kazi hii ifanyike nje. Mkaa ukiwashwa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na imeshaua watu.

Baada ya saa tatu hivi nyama itakuwa imeshika rangi ya kahawia iliyoiva. Ukikata utaona ukanda mwekundu chini ya ngozi yake. Si ubichi: gesi za moto zimeungana na mayoglobini, ile protini inayoipa nyama rangi, zikaizuia isigeuke kijivu.

Sufuriani kaanga vitunguu vingi mpaka vibadilike rangi, weka saumu, nyanya ya kopo kijiko kimoja au viwili, kisha supu isiyo na chumvi ifike theluthi ya urefu wa nyama. Isizame. Ikizama umechemsha, na ladha yote itakimbilia majini. Funika vizuri, weka kwenye oveni ya nyuzi 140 hivi au jiko lenye makaa machache, na supu itokote kwa utulivu, povu moja moja. Ikichemka kwa fujo nyuzi hujikamua zaidi. Baada ya saa mbili ongeza karoti na viazi mviringo vilivyokatwa vikubwa. Saa tatu hadi nne kwa jumla zinatosha, joto la ndani likifika nyuzi 93 hadi 96, ingawa kipimo ninachokiamini ni uma: uingize, uuzungushe, na nyama ijiachie yenyewe. Sufuria ya presha hufika huko kwa saa moja na kidogo. Ladha haiungani kwa kina kilekile, lakini siku ya kazi inafaa.

Asiye na jiko la mfuniko ana njia ya pwani, ile ya kutia moshi wali na nyama kwa kaa la moto. Nyama ikishalainika sufuriani, weka kibakuli kidogo cha chuma juu yake, tia kaa lililoshika moto, dondoshea samli, funika mara moja kwa dakika tano. Harufu inaingia kwenye mchuzi vizuri sana. Haitaleta ukanda mwekundu wala gamba la nje, na siiti rosti ya moshi kamili, lakini nimeipika hivyo mara nyingi na wageni wameomba kuongezwa.

Iache nyama itulie dakika 20 kabla ya kuigawa, engua mafuta yaliyoelea, na uchemshe mchuzi mpaka uwe mzito. Huliwa na viazi vyake, au wali, au chapati. Kinachobaki hukaa siku tatu kwenye jokofu. Ukifungua bakuli kesho yake utakuta mchuzi umeganda, unatikisika kama jeli: hizo ndizo kano za jana. Upashe moto taratibu, uchambulie nyama humo, utie maharage yaliyochemshwa.