Amino asidi za kopo na ukomo wa hedhi: njoo na kopo lako kliniki

Kati ya Oktoba 18, Siku ya Ukomo wa Hedhi Duniani, na Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, kliniki yetu hupokea akina mama wengi kuliko kawaida, hasa wa miaka 45 hadi 60. Kampeni zinafanya kazi yake na tunashukuru. Ila kwenye mifuko wanayokuja nayo, makopo ya unga wa amino asidi, yaani chembe ndogo zinazojenga protini, yanazidi kuongezeka, na malalamiko nayo yanaongezeka. Ndiyo sababu sisi wa kitengo cha famasi tumeona tuandike.

Mama mmoja wa miaka 52 alimimina vya mfukoni mwake juu ya meza yangu: leso, pakiti ya metformin, dawa yake ya kisukari, ambayo haijaguswa kwa wiki sita, na kopo jeusi alilouziwa na mtu wa kwenye kundi la WhatsApp kwa shilingi 85,000. Lebo ilikuwa ya lugha tusiyoijua, yeye wala mimi. Juu ya tarehe ya mwisho wa matumizi palibandikwa stika nyingine. Nilipoikwangua kwa ukucha, tarehe ya chini ilikuwa imeshapita. Aliambiwa unga huo unarudisha homoni, na kwamba vidonge vya kisukari vinaua nguvu yake. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 14.8 mmol/L. Mama huyu hakuwa mzembe. Usiku joto lilimwamsha, usingizi ulikata, kitambi kiliota ndani ya mwaka mmoja, na hakuna mhudumu aliyekaa naye kumweleza kwa nini.

Sababu ni hii. Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na kwenye nyonga huanza kukaa tumboni, kuzunguka ini na matumbo. Insulini, homoni inayoshusha sukari, hupungua makali, kolesteroli mbaya hupanda, misuli hupungua na mifupa nayo hupoteza uzito kwa kasi. Mama anaweza kuwa anakula kilekile cha zamani na bado kiuno kikavuka sentimita 80, kipimo ambacho kwa mwanamke tunaanza kukitilia shaka.

Sasa kuhusu kurudisha homoni. Estrojeni hutengenezwa mwilini kutokana na kolesteroli. Haitengenezwi kwa amino asidi, hata ukila kopo zima. Nimelisema hili mara nyingi dirishani na nitaendelea kulisema: anayekuuzia unga kwa ahadi hiyo ama hajui, ama anajua na anataka hela yako. Joto likikutesa, tiba ya homoni ipo na inasaidia wengi. Daktari ataangalia kwanza historia ya saratani ya matiti, kuganda kwa damu na kiharusi kabla ya kuamua.

Amino asidi zenyewe si sumu. Mwili unatumia 20, na kati yake 9 hauwezi kuzitengeneza kwa mtu mzima, lazima zitoke kwenye chakula. Mojawapo ni liusini, ambayo kweli huuamsha msuli ujijenge. Hapo muuzaji anasema ukweli nusu. Nusu asiyoisema ni kwamba msuli usiofanyishwa kazi hufaidika kidogo sana na liusini ya ziada. Pia tangu mwaka 2011 tunajua, kutokana na watu wa Framingham huko Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi, kwamba wenye liusini, isoliusini na valini nyingi kwenye damu ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari baadaye. Hiyo haithibitishi kwamba unga wa kopo unaleta kisukari. Lakini kuuita dawa ya kisukari ni jambo jingine kabisa.

Arginini, amino asidi nyingine, inauzwa kama ya kufungua mishipa. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani kwa wagonjwa waliotoka kupata shambulio la moyo: ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu wagonjwa 6 waliokuwa wakitumia arginini walifariki, na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa hakufa hata mmoja. Kwa hiyo kama umewahi kuugua moyo, arginini usiiguse. Triptofani nayo inauzwa kwa ajili ya usingizi. Mwaka 1989 huko Marekani triptofani iliyochafuka kiwandani iliwafanya zaidi ya watu 1,500 waugue na makumi walipoteza maisha. Na hata ikiwa safi, ukiichanganya na dawa za sonona au tramadol, dawa ya maumivu, unaweza kupata mtetemeko, jasho jingi, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi. Kolajeni, ambayo wengi wanainunua kwa ajili ya ngozi, haina triptofani kabisa, kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya chakula cha protini.

Wengi mnadhani protini kamili lazima iwe ya nyama au ya kopo. Angalieni makande. Mahindi yana upungufu wa laisini, maharage yanayo kwa wingi. Maharage yana upungufu wa methionini, mahindi yanaifidia. Bibi zetu walilipanga hilo kwenye sufuria moja. Mama wa kilo 70 mwenye figo nzima anahitaji takriban gramu 70 hadi 84 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na dagaa wakavu wamejaa protini kuliko nyama mbichi ya uzito uleule. Shida ninayoiona ni mpangilio: asubuhi chai na maandazi, mchana ugali mlima na mchuzi kidogo, halafu protini yote inasubiri usiku. Igawe. Kiporo cha makande asubuhi kinafaa, na mayai mawili yanafaa. Kisha angalau siku mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu, kama kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kadhaa bila kushika, au kunyanyua madumu ya maji. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini, ya chakula wala ya kopo, kabla hajaonana na daktari wake.

Kuhusu utaratibu, naomba usome taratibu. Tangu Julai 2019 chakula, pamoja na virutubisho vinavyouzwa kama chakula, kiko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Dawa ziko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Bidhaa ikiuzwa kwa madai ya kutibu kisukari au presha inaingia kwenye Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, na kuuza au kutangaza dawa isiyosajiliwa ni kosa lenye faini, kifungo au vyote viwili, hata kama duka lako ni simu tu. Ukipata madhara usitupe kopo. Andika jina la bidhaa, namba ya toleo, tarehe uliyoanza kutumia, tarehe madhara yalipoanza na dawa nyingine unazotumia, kisha nenda kwa mfamasia wa hospitali yoyote mjaze fomu ya taarifa ya madhara. Anayetoa taarifa hashtakiwi. Kuna wanaoogopa kwamba watakamatwa kwa kununua; tafadhali acheni hofu hiyo, inatunyima taarifa tunazozihitaji.

Kwa kipimo cha sukari na mafuta, njoo bila kula kwa saa 8 hadi 12. Ukila saa mbili usiku, saa mbili asubuhi uko tayari. Maji unakunywa. Chai ya rangi hapana, hata bila sukari, na unga wa kopo hapana, maana nao ni chakula. Sukari ikifika 7.0 mmol/L au zaidi, kwa asiye na dalili tunarudia siku nyingine kabla ya kumwambia ana kisukari. Tutapima pia presha, kiuno na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Vidonge vyako usiviache kwa ajili ya kopo lolote. Vibebe vyote, na kopo lenyewe ulitie mfukoni pamoja navyo, likiwa na stika zake zote.