Kumbukumbu ya muda mrefu ni nini, na konokono anaitunzaje?

Masika yakianza hapa Dar konokono wanajaa ukutani mpaka mlangoni na sisi tunawamwagia chumvi tu, kumbe jamaa wana akili zao. Wanajifunza na wanakumbuka, na mengi yanayojulikana leo kuhusu kumbukumbu yametoka kwao na ndugu zao wa baharini.

Mchukue Lymnaea, konokono wa madimbwi ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Anapumua kwa ngozi, ila oksijeni ikipungua kwenye maji anapanda juu anafungua kitundu chake cha hewa. Sasa watafiti wanaipunguza makusudi, kila akifungua wanamgusa pale na kijiti, anafunga, akifungua tena wanamgusa tena, mwishowe anaacha kufungua fungua (na hafi, ngozi bado inamsaidia). Hapo kashajifunza. Ila atakumbuka mpaka lini?

Inategemea kafundishwaje. Somo fupi linakaa masaa mawili matatu basi, ila likirudiwa kwa kupumzika katikati anaamka nalo kesho yake na zaidi. Kumbukumbu fupi inatumia vilivyomo tayari ndani ya seli za neva, ni kama fundi cherehani anavyobana kitambaa na pini. Ya muda mrefu ndo kushona kwenyewe, yaani jeni zinawashwa ndani ya kiini cha seli, protini mpya zinatengenezwa na seli zinaunganika upya. Mpe dawa inayozuia jeni zisiwake, atajifunza fresh tu ila kesho hamna kitu.

Eric Kandel wa Marekani aliyaonyesha haya kwa Aplysia, konokono wa baharini mwenye seli za neva kama 20,000 tu, binadamu tuna bilioni 86 hivi. Shoti moja ya mkiani inamfanya awe mwoga kwa dakika kadhaa, shoti zikirudiwa rudiwa uoga unakaa siku hadi wiki. Mwaka 2000 akapata Nobel.

Kilichonishangaza zaidi mimi ni seli moja ya Lymnaea inayoitwa RPeD1, ile inayoanzisha pumzi. Wakiharibu sehemu yake yenye kiini kabla ya somo, konokono anajifunza na anakumbuka kwa masaa tu, ya muda mrefu haijengeki. Wakiiharibu baada ya kumbukumbu kukomaa, bado anakumbuka.