Fahirisi ya kichwa na vipimo vya uso: kwa nini havikupatana

Katika maandiko ya zamani ya anthropolojia ya maumbile, hasa ya kati ya miaka ya 1840 na 1950, binadamu wanagawanywa kwa vipimo vya aina mbili. Kuna vipimo vya sehemu ya fuvu inayobeba ubongo, ambavyo maarufu wake ni fahirisi ya kichwa. Kuna pia vipimo vya uso: urefu na upana wake, umbo la pua, na jinsi taya zinavyojitokeza mbele. Msomaji wa leo akikuta maneno kama dolikosefali na leptoprosopi katika sentensi moja hudhani yanasema jambo lilelile. Sivyo. Ni vipimo vya vitu viwili tofauti, vinavyokua kwa sababu tofauti, na mara nyingi vilimweka mtu mmoja katika makundi mawili yasiyolingana. Mpango mzima wa kuwapanga watu kwa mbari ulipasukia hapo.

Fahirisi ya kichwa ni upana mkubwa kabisa wa kichwa ukigawanywa kwa urefu wake mkubwa kabisa, kisha jawabu likazidishwa kwa 100. Urefu unaotajwa hapa hautoki utosini hadi kidevuni. Unaanza kwenye kinundu kilicho baina ya nyusi, juu kidogo ya pua, na kuishia pale kisogo kilipojitokeza zaidi kwa nyuma. Upana hupimwa juu ya masikio, upande hadi upande, popote kipimio kinapofunguka zaidi. Kichwa chenye urefu wa milimita 190 na upana wa milimita 142 kina fahirisi ya 74.7.

Kwa mtu aliye hai, fahirisi iliyo chini ya 76 iliitwa dolikosefali, yaani kichwa kirefu. Kuanzia 76 hadi 80.9 ni mesosefali, kichwa cha kati, na kuanzia 81 kwenda juu ni brakisefali, kichwa kifupi na kipana. Kwa fuvu kavu mipaka hushuka: chini ya 75, kisha 75 hadi 79.9, kisha 80 na zaidi. Sababu ni nyama. Misuli ya kutafunia iliyo pande mbili za kichwa huongeza upana kuliko ngozi ya kisogo inavyoongeza urefu, kwa hiyo fahirisi ya mtu hai huzidi ya fuvu lake kwa takriban 2. Paul Broca, aliyeanzisha chama cha anthropolojia cha Paris mwaka 1859, alikuwa akipunguza 2 kabla ya kulinganisha watu hai na mafuvu. Anayechanganya orodha mbili hizi bila kupunguza anatengeneza tofauti ya watu ambayo haipo.

Kifaa cha kupimia ni kalipa yenye mikono miwili iliyopinda, ili iweze kukizunguka kichwa. Ncha moja hushikiliwa kwa vidole baina ya nyusi, nyingine hupitishwa juu na chini kwenye mstari wa kati wa kisogo mpaka namba iliyo kubwa kabisa ionekane. Namba husomwa kalipa ikiwa bado kichwani. Kwa upana, ncha zote mbili lazima ziwe kwenye kimo kimoja, la sivyo unapima mshazari. Nywele nene au zilizosukwa huongeza milimita kadhaa, na mpimaji anayekandamiza sana hupunguza. Kazi nzuri hurudia kila kipimo mara mbili au tatu.

Sasa turudie mfano wetu. Mpimaji wa pili akapata upana wa 144 na urefu wa 188, tofauti ya milimita mbili tu kwa kila kipimo. Fahirisi inakuwa 76.6. Mtu yuleyule amehama kutoka kundi la vichwa virefu kwenda la vichwa vya kati, na katika vitabu vya zamani kuhama huko kungeweza kumbadilishia asili ya mababu zake.

Vipimo vya uso vina shida zake. Fahirisi ya uso ni urefu kuanzia mwanzo wa pua, baina ya macho, hadi chini ya kidevu, ukigawanywa kwa upana kati ya mifupa ya mashavu, mara 100. Chini ya 84 uso uliitwa mpana, 84 hadi 87.9 wa kati, 88 na zaidi mrefu na mwembamba. Huo wa mwisho ndio leptoprosopi. Ugumu uko juu ya pua. Kwenye fuvu, alama ya kuanzia ni mshono unaoonekana wazi kati ya mfupa wa paji na mifupa ya pua. Kwa mtu hai mshono umefunikwa, na wengi huishia kupima kutoka kwenye bonde la pua, ambalo kwa kawaida liko chini kidogo ya mshono. Uso wenye upana wa 138 na urefu wa 118 una fahirisi ya 85.5, mpimaji mwingine akianza milimita nne juu zaidi, inakuwa 88.4. Meno yakishang'oka, taya hupungua kimo na uso mzima hufupika. Mzee aliyekuwa na uso mrefu ujanani anaweza kuzikwa akiwa na uso wa kati.

Fahirisi ya pua ni upana wa kingo za nje za mianzi ukigawanywa kwa urefu wa pua, mara 100. Kwa watu hai, chini ya 70 iliitwa pua nyembamba na 85 kwenda juu pua pana. Hapa tabasamu linatosha kuharibu kipimo, kwa kuwa hupanua mianzi.

Kipimo cha uso kilicho kikongwe zaidi kati ya hivi ni pembe ya uso ya Mholanzi Petrus Camper, iliyochapishwa mwaka 1791 baada ya kifo chake. Mstari mmoja ulipita kwenye tundu la sikio na chini ya pua, mwingine ukashuka kutoka paji hadi mbele ya taya. Camper alizipanga pembe kwa ngazi: sokwe aina ya orangutani 58, Mwafrika 70, Mzungu 80, na juu kabisa sanamu za Kigiriki zenye 100. Kilele cha ngazi kilikuwa jiwe lililochongwa. Kipimo ambacho upeo wake haufikiwi na binadamu yeyote kilishaamua jibu kabla ya kuuliza swali, na inasikitisha kwamba kilifundishwa kwa muda mrefu kiasi kile. Zaidi ya hapo, pembe ilibadilika kulingana na jinsi fuvu lilivyoegemezwa. Mwaka 1884, mjini Frankfurt, wataalamu walikubaliana fuvu lisimamishwe ili ukingo wa chini wa tundu la jicho na ukingo wa juu wa tundu la sikio viwe kwenye mstari mmoja wa ulalo. Mstari huo ungali ukitumika katika picha za eksirei za meno.

Kwa nini basi kichwa na uso havifuatani? Kwa sababu havikui pamoja. Sehemu inayobeba ubongo hufuata ubongo wenyewe, na mtoto wa miaka sita tayari ana sehemu kubwa sana ya ukubwa wake wa utu uzima. Uso huendelea hadi mwisho wa ujana, ukifuata meno, kutafuna na njia ya hewa. Pua ina sababu ya ziada: hulainisha hewa kwa joto na unyevu kabla haijafika mapafuni. Mwaka 1923 watafiti Thomson na Buxton walionyesha kwamba fahirisi ya pua huenda pamoja na hali ya hewa, pua nyembamba zikiwa nyingi zaidi penye baridi au ukavu. Watu wawili wasio na undugu wa karibu wanaweza kufanana pua kwa sababu mababu zao walivuta hewa ya aina moja.

Msweden Anders Retzius ndiye aliyeleta fahirisi ya kichwa, mwaka 1842, na tatizo lilimkuta mapema. Kwa fahirisi peke yake, Waswidi waliangukia kundi moja la vichwa virefu pamoja na Waafrika na wenyeji wa Australia. Wazungu wenzake, Wafini na Waslavi, walienda kundi la vichwa vifupi. Retzius akaongeza taya: nyoofu au zilizojitokeza. Makundi mawili yakawa manne, na Waswidi wakatenganishwa na Waafrika. Angalia utaratibu huo vizuri. Kichwa kilipotoa jawabu lisilotarajiwa, uso uliitwa kusahihisha.

Mtindo huohuo ulirudi mwaka 1899, Mmarekani William Ripley alipoigawa Ulaya kwa mbari tatu. Watu wa kaskazini na wa pwani ya Mediterania wote walikuwa na vichwa virefu, hivyo akawatenga kwa rangi ya nywele, macho na kimo. Nchini India, Herbert Risley aliiweka pua mbele ya kichwa, akidai kwamba kadiri pua za tabaka zilivyokuwa nyembamba ndivyo hadhi yake ilivyopanda. Hapakuwa na kanuni ya kusema kipimo kipi kitangulie. Kila mwandishi alichagua kinachomfikisha alikotaka.

Rwanda na Burundi zinajulikana zaidi kwa madhara ya uchaguzi huo. Waandishi wa kikoloni waliosisitiza pua, uso na kimo walijenga nadharia ya Wahamiti, kwamba Watutsi ni wageni kutoka kaskazini waliokuja kutawala. Utawala wa Kibelgiji ukaandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930. Wastani wa makundi ulitofautiana katika baadhi ya vipimo, lakini watu binafsi walipishana mno kiasi kwamba hakuna pua iliyoweza kumtambulisha mwenyewe. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani nchini Rwanda, watu waliuawa kwa kilichoandikwa kwenye kitambulisho, na wengine kwa sura zao tu.

Pigo kubwa kwa fahirisi ya kichwa lilitoka New York. Kati ya 1908 na 1910 Franz Boas na wasaidizi wake waliwapima karibu watu 18,000, wahamiaji kutoka Ulaya pamoja na watoto wao. Watoto wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliozaliwa Marekani walikuwa na vichwa virefu kidogo kuliko ndugu zao waliozaliwa ng'ambo. Watoto wa Wasisilia walikuwa na vifupi kidogo. Data hizo zilipochambuliwa upya miaka ya 2002 na 2003, wataalamu walibishana juu ya ukubwa wa badiliko. Urithi una nguvu katika umbo la kichwa, na hilo halikanushwi na mtu. Ila namba iliyodhaniwa haibadiliki ilikuwa imesogea katika kizazi kimoja.

Mikono ya watu pia huisogeza. Wamangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo walikuwa wakiwafunga watoto wachanga kamba kichwani ili kirefuke kuelekea nyuma, desturi iliyofifia katikati ya karne ya 20. Mtoto anayelazwa chali muda mrefu kila siku hubapika kisogo na fahirisi yake hupanda, bila kamba yoyote.

Kisa kinachofundisha zaidi kwa upande wetu ni cha fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliagiza kirudishwe ndani ya miezi sita, na hakikurudishwa. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953. Palikuwa na mafuvu 2,000 hivi, 84 kati yake yakitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alichagua yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha akachukua lile pekee lenye tundu la risasi. Likakabidhiwa mwaka 1954, na liko Kalenga, karibu na Iringa.

Hesabu kidogo inaonyesha fahirisi ilifanya nini hapo. Ndani ya jamii moja, watu hutawanyika kuuzunguka wastani kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi watu kwa kawaida wanavyokuwa mbali na wastani) wa takriban 3. Ukikubali fuvu lolote lililo ndani ya 1 juu au chini ya namba uliyonayo, na namba hiyo ikawa karibu na wastani, utabaki na robo ya mafuvu yote. Kwa 84, ni kama 20. Fahirisi inaweza kuondoa yasiyofaa. Kumtaja mwenyewe haiwezi, na ndugu wa damu moja wenyewe hutofautiana. Tundu la risasi ndilo lililoamua, katika mkusanyo uliotokana na vita ambamo wengi walipigwa risasi. Ndiyo maana wapo wanaotilia shaka utambulisho huo hadi leo, na shaka yao ina msingi.

Linganisha na kazi iliyotangazwa Berlin mwaka 2023 juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi kutoka Rwanda na mengine kutoka Tanzania na Kenya. Yalikusanywa enzi za ukoloni kwa ajili ya upimaji huu tunaoueleza. Safari hii watafiti walitumia vinasaba, na baadhi ya mafuvu yakapata ndugu walio hai nchini Tanzania, moja likiwa la mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga.

Fahirisi ya kichwa yenyewe haijafa. Katika kipimo cha ultrasaundi cha mjamzito, upana wa kichwa cha mtoto hugawanywa kwa urefu wake, na kati ya 74 na 83 huhesabiwa kawaida. Ikitoka nje ya hapo, upana peke yake hautumiki kukadiria umri wa mimba, maana kichwa kilichobanwa pembeni kitaonekana kidogo hali mtoto amekua vizuri. Mpimaji hutumia mzingo wa kichwa badala yake. Baada ya kuzaliwa, fahirisi ya chini sana humfanya daktari aangalie kama mshono wa katikati ya utosi umefunga mapema. Vipimo vya uso vimebaki kwa madaktari wa meno, wapasuaji wa taya, na watengenezaji wa barakoa zinazotakiwa kuziba hewa kabisa, ambao wanahitaji urefu wa uso na upana wa pua bila kujali mvaaji ana kichwa kirefu au kifupi.