Mkanda wa kunyanyulia vyuma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Uani kwetu tuna bomba la chuma lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege huku na huku, na siku hizi tumeongeza sahani chache za chuma halisi. Tunafanya tizi watu watatu. Juzi kijana wa jirani akaniuliza, "Kaka, kwa hela ndogo ninunue mkanda gani?" Kabla sijajibu, mwenzetu wa tatu akadakia kwamba asihangaike na vya bei rahisi, mgongo haujaribiwi. Maneno kama hayo nimeyasikia miaka mingi, tena kwa watu walionizidi nguvu. Mengi si kweli, na yanawapotezea watu pesa.

"Mkanda unashika mgongo"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Mtu anadhani mkanda ni ubao wa kuegemea, kwa hiyo akishaufunga mgongo uko salama. Kazi yenyewe iko tumboni. Ukivuta pumzi ukaishusha mpaka chini, kisha ukakaza misuli kama mtu anayesubiri kupigwa ngumi, tumbo linataka kutanuka kila upande: mbele, ubavuni na nyuma. Likikutana na mkanda mgumu usiovutika, msukumo wa ndani unapanda na kiwiliwili kizima kinakakamaa. Uti wa mgongo unapata nguvu kutokana na kule kukakamaa. Ukivaa mkanda bila kuusukuma, umevaa pambo.

Fanya jaribio dogo hapo ulipo. Bonyeza vidole gumba ubavuni, kati ya mbavu na nyonga, halafu kohoa. Ile misuli iliyoruka chini ya vidole ndiyo inayotakiwa kuusukuma mkanda. Anayeweza kuikaza bila mkanda atafaidi mkanda. Asiyeweza, aanze na hilo kwanza, halina gharama.

Kuhusu kinga, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipitia ushahidi mwaka 1994 ikasema hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba mikanda ya mgongo inawakinga wabeba mizigo wenye afya dhidi ya kuumia. Mwaka 2000 ukachapishwa utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa maduka 160: waliovaa kila siku hawakutofautiana na wasiovaa kwa kuumia mgongo. Hao ni wabeba maboksi, si wanyanyua vyuma, na mikanda yao ni laini kuliko ya kwetu. Hata hivyo somo linatuhusu. Usimwongezee mtu kilo 20 kwa sababu tu leo amefunga mkanda.

"Mkanda wa kweli ni mpana nyuma, mwembamba mbele"

Wangu wa kwanza ulikuwa hivyo. Nyuma ulikaribia sentimita 15, mbele ulikuwa kama mkanda wa suruali, na ndani una sponji inayobonyea vizuri ukiishika dukani. Niliupenda kwa ile sponji. Nikiingia kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, tumbo lilikuwa linajitokeza juu na chini ya ule utepe mwembamba. Ukuta ulikuwa mgongoni, na anayesukuma yuko mbele. Baada ya miezi michache sponji ililala na ile "ngozi" ikaanza kuchubuka vipande vipande. Haikuwa ngozi.

Anayefanya skwati na dedilifti, ile ya kung'oa chuma kutoka sakafuni, anahitaji mkanda wenye upana uleule mwanzo hadi mwisho. Mashindano ya pawalifti, mchezo wa kunyanyua uzito mkubwa kadiri uwezavyo, chini ya shirikisho la kimataifa, IPF, hayaruhusu mkanda unaozidi sentimita 10 kwa upana na milimita 13 kwa unene. Kama wanaonyanyua mizigo mizito kuliko wote wanatosheka na sentimita 10, huna sababu ya kulipia 15. Ule mwembamba mbele una watu wake, wale wa mtindo wa Olimpiki, ambao chuma hupita karibu sana na mwili na hawataki kikwaruze bizimu. Mwenye kiwiliwili kifupi naye, ambaye kati ya mbavu na nyonga hana nafasi, atafute sentimita 7 na nusu hivi. Akina dada wengi wanaangukia hapa, lakini kinachoamua ni urefu wa kiwiliwili. Mkanda wenye jina la "wa kike" na rangi ya waridi, ukiwa na bei ya juu, unalipia rangi.

"Mnene zaidi, ghali zaidi, bora zaidi"

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Milimita 13 ni ngozi ngumu kama soli. Inachukua miezi kulainika, na wakati huo inakuachia michubuko juu ya nyonga. Milimita 10 inamtosha karibu kila anayefanyia tizi nyumbani. Mkanda wa wenzo, ule unaofungwa kwa kubamiza mara moja, ni mzuri, ila bei yake inaweza kuwa mara mbili au tatu ya wenye bizimu la kawaida, na kuubadilisha ukubwa kwa kawaida kunataka bisibisi. Sisi tuko watatu na viuno vitatu. Bizimu la jino moja ndilo linalotufaa: mmoja akimaliza anamrushia mwenzake. Meno mawili hayaongezi nguvu yoyote utakayoihisi, na kuyafungua huku umeishiwa pumzi ni usumbufu.

Nailoni nayo inadharauliwa bila haki. Ni nyepesi, inakaa popote kiunoni bila kutegemea matundu, na kwa uzito wa wastani inafanya kazi. Udhaifu wake ni utepe wa kunata (velkro): ukijaa vumbi na nyuzi, unaachia katikati ya mzigo. Ukiweza kuchagua wenye pete ya chuma ambayo utepe unapita ndani yake kabla ya kurudi kunata, chagua huo.

Kama unapekua mitumba, Karume au Gikomba, usiangalie nembo, angalia ukingo uliokatwa. Ngozi halisi inaonyesha nyuzinyuzi zilizoshonana. Ya bandia inaonyesha matabaka, kitambaa juu na kitu kama boksi katikati. Ukunje: ukipasuka usoni kwa mistari midogo, uache. Matundu yaliyovutika yakawa marefu kama macho yanaonyesha ngozi imechoka. Mishono iliyolegea pembeni si tatizo kubwa, fundi viatu anaimaliza kwa nusu saa, na tundu la ziada atakutobolea hapohapo.

"Saizi ni ile ya suruali"

Hapana. Suruali inakaa chini ya kitovu, mkanda unakaa juu ya kitovu au penyewe. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kuzunguka kitovu, tumbo likiwa kawaida bila kulinyonya. Tofauti ya sentimita 5 mpaka 10 na saizi ya suruali ni jambo la kawaida kabisa. Nunua ambao kipimo chako kinaangukia matundu ya katikati, ili ukinenepa au ukipungua usinunue mwingine.

"Ukizoea mkanda, tumbo linalegea"

Misuli ya tumbo ndiyo inayosukuma, kwa hiyo haijalala. Ila kuuvaa kuanzia seti ya kupasha mwili mpaka kunyanyua dambeli za mikono hakuna faida. Ufunge kwa seti nzito, tuseme kuanzia asilimia 80 ya uzito wa juu unaoweza kuunyanyua mara moja, kisha uufungue ukipumzika. Anayeanza leo na kilo 30, hiyo pesa ya mkanda anunue sahani.

"Ni uleule wa kupunguza tumbo"

Mikanda ya mpira inayouzwa kwa ajili ya jasho inavutika, na kitu kinachovutika hakiwezi kuwa ukuta. Jasho ni maji, ukinywa yanarudi. Mkanda wa duka la dawa wa maumivu ya kiuno pia ni kitu kingine, wenye kazi yake.

Na hapa naomba usome polepole. Kubana pumzi chini ya mzigo kunapandisha presha ya damu ghafla, kuwe na mkanda au kusiwe. Mwenye presha, mwenye ngiri, mjamzito au aliyejifungua karibuni amuone daktari kabla ya kunyanyua kwa namna hiyo. Maumivu yanayoshuka mguuni au ganzi hayafungiwi mkanda, yanapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kijana wa jirani amechukua wa ngozi, sentimita 10 kwa milimita 10, jino moja. Wiki ya kwanza nilimwambia auviringishe na kuukunjua kila jioni ili ulainike, auvae juu ya fulana, na kwa joto letu la pwani asiufungie begini ukiwa na jasho, maana unaota ukungu. Anauanika kivulini, kwenye kamba ya nguo, mbali na jua.