Mtsunga umejificha chini ya meza

Siku ya ibada ya mavuno, katika kanisa moja hapa Malindi, akina mama walipanga chakula mezani: pilau, chapati, kuku wa kukaanga, soda kreti tatu. Chini ya meza, nyuma ya kitambaa, niliona sufuria ndogo ya mtsunga, ile mboga chungu ya majani, uliopikwa na kunde kwa nazi. Mwenye sufuria akanieleza kwamba ameileta kwa ajili ya wazee. "Hiki si chakula cha wageni, daktari."

Mimi si daktari, ni afisa wa lishe katika zahanati ya kanisa. Lakini neno lile lilinikaa, kwa sababu saa moja kabla tulikuwa tumesomewa Danieli sura ya 1.

Katika Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka, Danieli na wenzake wanaomba siku 10 za kula mtama na kunywa maji, waachane na chakula cha mfalme. Neno la Kiebrania ni pana zaidi, linahusu mimea itokanayo na mbegu, jamii ya kunde ikiwemo. Hata hivyo wafasiri walichagua mtama, na msikilizaji wa vijijini huku, Ganda au Marafa, akisikia hivyo anaona chungu cha nyanyake. Yule mvulana wa Yohana 6 naye alikuwa na mikate 5 ya shayiri, nafaka ya watu wa chini, na samaki 2. Hakuna aliyeambiwa akatafute ngano kwanza.

Hapo nisieleweke vibaya. Danieli aliogopa unajisi. Habari ya sukari na presha haikuwa hoja yake. Na Marko 7 inatuambia kwamba Yesu alivitakasa vyakula vyote, kwa hiyo mla mtama hamzidi utakatifu mla chapati. Wapo pia wanaousifia mkate wa nafaka na kunde wa Ezekieli 4 kama dawa. Wasome mstari unaofuata: ile ilikuwa posho ya mji uliozingirwa, shekeli 20 kwa siku, haifiki robo kilo. Nabii alikuwa anaonyesha njaa.

Ninachotetea ni chakula chenyewe cha asili. Punje ya mahindi au mtama ina ganda, kiini na wanga. Ganda lina nyuzinyuzi, kiini kina mafuta na vitamini, na madini mengi yamo humo humo. Kiwanda kinapokoboa huondoa ganda na kiini, kwa sehemu kwa sababu mafuta ya kiini huchacha na unga haukai dukani. Ndiyo maana tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti urudishiwe madini na vitamini kadhaa. Nyuzinyuzi hazirudishwi. Ukisaga nafaka yako bila kukoboa unabaki nazo, ila saga kidogo kidogo, unga wa wiki mbili hivi. Na punje zenye ukungu usizisage kamwe, hata kuku usiwape: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2004 iliua watu 125 huko Ukambani na maeneo jirani.

Na hiyo "asili" tusiitukuze mno. Mahindi na muhogo vilitoka bara la Amerika, vikaja Afrika enzi za Wareno, wale wale walioacha mnara wao hapa ufukweni. Mtama, mawele na kunde ndio wenyeji. Tui la nazi ni letu, lakini mafuta yake ni mazito, na mwenye presha asile ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, bila kuiloweka na kumwaga maji ya chumvi. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe vizuri, muhogo mchungu ulowekwe na kuanikwa, kwani vyote vina sumu ya kiasili. Ubuyu nao ni mzuri, ila ule wa unga mweupe unaotiwa kwenye uji. Ule mwekundu wa kwenye vipakiti tayari ni peremende.

Mtsunga ndio unaonihuzunisha zaidi, kwa sababu ni bure: unaota shambani baada ya mvua. Wengi huuchemsha mara mbili na kumwaga maji ili uchungu upungue, na vitamini zinaondoka na maji hayo. Uchanganye na mchicha au kunde, uchungu utapungua wenyewe. Kamulia ndimu ukiwa tayari kula, kwa kuwa vitamini C yake husaidia mwili kunyonya madini ya chuma ya mboga. Chai isubiri kama saa moja, maana hufanya kinyume. Kwa mjamzito wa Malindi mwenye damu pungufu, ndimu hiyo ina kazi, ingawa vidonge vya kliniki asiviache.

Mwaka huu nimewaomba wazee wa kanisa jambo moja dogo: sufuria ya mtsunga iwekwe mezani, kando ya pilau, na mchungaji awe wa kwanza kupakua. Ndimu nitaleta mimi.